Waliojichagulia Sikukuu

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili, mwanzoni mwa Desemba

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, na nimelipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi watu wa Kiswahili kuliko tunavyopenda kukubali. Kila mwaka, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, ziko familia nchini Marekani ambazo hutandika mkeka mezani, zikaweka juu yake kinara, mishumaa saba, mazao, mahindi, kikombe cha umoja na zawadi, na vitu hivyo vyote zikavitaja kwa majina ya Kiswahili. Na kila mwaka, katika siku hizo hizo, huku kwetu husikika maneno ya kuidharau sikukuu hiyo. Wapo wanaosema ni ya kubuni. Wapo wanaosema Kiswahili chake kimeokotwa katika kamusi. Wapo wanaosema kwamba Mwafrika wa Afrika haijui, basi itakuwaje ya Kiafrika? Huko Marekani kwenyewe maneno hayo husemwa kwa ukali zaidi, na Wamarekani Weusi wengi hawaiadhimishi kabisa. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wenye dharau hiyo. Habari tulizokuwa nazo wakati ule nyingi zilikuwa za kweli, na leo nitazirudia bila kuzipunguza. Tulichokosea ni kipimo tulichozipimia.

Nianze na chimbuko lake. Mwezi wa Agosti 1965, katika mtaa wa Watts mjini Los Angeles, zilizuka ghasia zilizodumu siku sita na kuua watu 34, baada ya polisi kumkamata kijana mmoja mweusi barabarani. Katika majivu ya mtaa ule walijitokeza vijana waliosema kwamba haki za kupiga kura na za kukaa popote kwenye basi ni lazima zitafutwe, lakini kwamba kuna kitu kingine kilichoporwa ambacho sheria haiwezi kukirudisha, nacho ni utamaduni. Mmoja wao alikuwa Maulana Karenga, aliyezaliwa kwa jina la Ronald Everett, mwanafunzi wa siasa na lugha za Kiafrika aliyekuwa amejifunza Kiswahili, na ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichopo Long Beach. Yeye na wenzake wa kundi lililoitwa US, yaani "sisi", ndio walioanzisha Kwanzaa mwaka 1966. Jina lilitokana na maneno "matunda ya kwanza", kwa mfano wa sherehe za malimbuko zilizopo sehemu nyingi za Afrika, zikiwemo Incwala ya Waswazi na Umkhosi Wokweshwama ya Wazulu, ambazo hufanyika majira hayo hayo ya mwisho wa mwaka. Herufi "a" ya pili, ile inayowaudhi wasahihishaji wetu, inasimuliwa kwamba iliongezwa kwa sababu siku ile ya kwanza walikuwepo watoto saba, kila mmoja akitaka kushika herufi yake, na neno "kwanza" lina herufi sita tu. Mimi ni mwalimu wa sarufi na nimesahihisha tahajia kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sijaona sababu bora kuliko hiyo ya kuongeza herufi katika neno.

Kila siku ya juma hilo ina nguzo yake, na kwa pamoja huitwa Nguzo Saba: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Yasikilizeni maneno hayo kwa sikio la mtu aliyekulia katika Kiswahili. Ujima, kwa sisi tuliosoma historia katika shule za Tanzania, ni hatua ya kwanza katika orodha tuliyokaririshwa: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Lilikuwa neno la mtihani, neno la watu wa kale waliogawana nyama ya windo. Wao wameliweka mezani kama wajibu wa leo, kwamba shida ya jirani ni shida yangu na tutaitatua kwa mikono yetu pamoja, na kwa kufanya hivyo wamelirudisha karibu na maana yake ya kijijini, ya watu kulimiana mashamba. Kuumba kwetu ni kazi ya Mwenyezi Mungu, na mzee mmoja wa msikitini aliwahi kuniuliza kwa uchungu inakuwaje binadamu ajipe kazi ya Muumba; nilimjibu kwamba mfinyanzi naye tunasema ameumba chungu, akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika. Kinara kwetu siku hizi ni kiongozi wa chama au timu inayoongoza ligi, hata vijana wengi wamesahau kwamba ni kitu cha kusimikia taa au mshumaa. Maana hiyo ya zamani leo inatunzwa na watu walioko ng'ambo ya bahari mbili. Ama Ujamaa, sina haja ya kueleza hapa ulikotoka. Kwanzaa ya kwanza ilimalizika tarehe 1 Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo huo. Watu wale walikuwa wakitutazama kwa makini, na walichukua kwetu neno lililokuwa bado moto.

Sasa niseme habari ya nyumba moja, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha.

Niliwahi kufundisha Kiswahili Chicago kwa mwaka mmoja, na tarehe 27 Desemba nilialikwa na bibi mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wangu. Theluji ilikuwa imefika magotini. Nilipovua viatu mlangoni alikuja kijukuu kingine, mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, akasimama mbele yangu kwa adabu, akaniuliza: "Habari gani?" Nikajibu kama nilivyojibu maisha yangu yote: "Nzuri." Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu anayemwona mwanafunzi amekosa swali jepesi, akasema polepole ili nishike: "Kujichagulia." Katika juma la Kwanzaa, swali hilo hujibiwa kwa jina la nguzo ya siku, na siku ya pili ni Kujichagulia. Nikaona jambo moja ambalo mwalimu wa lugha hawezi kuacha kuliona: neno lenye silabi sita, katika kinywa cha mtoto ambaye ukoo wake haukuwahi kusema Kiswahili, lilitoka zima, na mkazo ukakaa pale pale unapotakiwa, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Tukaketi. Juu ya mkeka kilikuwepo kinara cha mbao chenye mshumaa mweusi katikati, mitatu myekundu kushoto na mitatu ya kijani kulia. Rangi hizo zimetoka katika bendera ya mwaka 1920 ya chama cha Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu Weusi. Yalikuwepo mahindi, hindi moja kwa kila mtoto wa nyumba. Kabla ya kuwasha mshumaa, yule bibi alinigeukia, mimi mgeni kutoka kwenye asili ya maneno yake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Tunayatamka sawasawa?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kusahihisha. Nikamweleza kwamba sisi hatujibu "Habari gani?" namna ile. Nikamweleza kwamba vibunzi, neno wanaloliita mahindi yale, sikio langu lililisikia kama gunzi lililokwisha kupukuchuliwa punje, na kwamba neno hilo kwa watoto halipendezi. Akachukua kalamu, akageuza bahasha iliyokuwa mezani, akaandika kila nililosema. Watu wengine wakanyamaza wakingoja amalize.

Kisha akashika kikombe, akamimina maji kidogo katika bakuli lenye mchanga, akataja waliotangulia. Alimtaja mama yake. Akamtaja bibi yake. Akamtaja mama wa bibi yake, aliyezaliwa Mississippi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Na wale ambao majina yao hatukupewa."

Baadaye, tukiosha vyombo, alinieleza maana ya maneno hayo. Alikuwa ametafuta habari za ukoo wake kwa miaka mingi katika nyaraka za serikali, na alikuwa amekwama mahali ambapo Wamarekani Weusi wengi hukwama, yaani mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa wametoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa katika majedwali ya peke yao, chini ya jina la mwenye kuwamiliki: umri, jinsia na rangi, mstari kwa mstari, bila majina isipokuwa kwa nadra sana. Mwanamke, miaka 24, mweusi. Mvulana, miaka 6, mweusi. Yeye aliamini kwamba mmoja wa watu katika mistari hiyo alikuwa bibi wa bibi yake, lakini hakuweza kusema ni upi. Mimi naweza kukutajia baba zangu hadi wa saba, pamoja na walikozikwa, na sikutoa jasho lolote kuyajua hayo, niliyapewa nikiwa nimekaa jamvini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile iliitwa Kujichagulia. Sisi husema urithi kana kwamba kila mtu hupokea kutoka mkononi kwa mzee wake. Aliyekatwa mkono huo hana njia ya kupokea. Akitaka urithi inambidi auchague, na kumwambia kwamba alichokichagua si halali kwa sababu hakukirithi ni kumwadhibu mara ya pili kwa kosa alilotendewa.

Najua hoja inayofuata, na ni hoja ya heshima. Watu husema: kama ni kuchagua, kwa nini wachague Kiswahili? Takwimu za safari za meli za watumwa zinaonyesha kwamba watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa kuvushwa Atlantiki, wakafika hai karibu milioni 10.7, na kati yao kama 388,000 ndio walioshushwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini. Wengi wa hao walitoka Senegambia, pwani ya Ghana na Nigeria ya leo, Kongo na Angola. Mababu wa yule bibi pengine walisema Kiwolof, Kiigbo au Kikongo, na ni wachache mno waliotoka upande wetu. Hayo ni kweli. Lakini mtu asiyejua kama babu yake alikuwa Mwigbo au Mkongo atachagua ipi kati ya lugha hizo bila kubahatisha? Mwaka 1966 Kiswahili kilikuwa lugha isiyo ya kabila moja, iliyotumiwa na vyama vya ukombozi na mataifa mapya yaliyojitawala miaka michache tu iliyotangulia, Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963. Walichagua lugha ambayo Waafrika wenyewe walikuwa wakiichagua wakati ule ule, na kwa sababu ile ile, ya kuwaunganisha watu wasio na lugha moja ya mama. Hata "Harambee", inayoitwa mara saba wakati wa Kwanzaa, ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa mwito wa taifa chini ya Mzee Kenyatta.

Hoja hii ina upande mzito zaidi, ambao sisi tukiwa wenyewe kwa wenyewe huukwepa. Lugha hii ilisemwa pia sokoni Unguja, ambako watu waliuzwa hadi soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Mkosoaji wa Marekani anayesema kwamba Wamarekani Weusi wamekwenda kujipamba kwa lugha ya wafanyabiashara ya watumwa hasemi uongo mtupu, na Mswahili anayekasirika akisikia hivyo angefaa kwanza aitembelee ile pwani yake mwenyewe kwa macho ya waliopitishwa Bagamoyo. Ninachomjibu ni kwamba Kiswahili kilisemwa na muuzaji na kilisemwa na muuzwaji, na kwamba waliotoka bara wakiwa wamefungwa minyororo walijifunza lugha hii, wakailelea watoto, wakaiimbia, na leo wajukuu wao ni Waswahili kama Mswahili mwingine yeyote. Lugha ya waliouzwa ina haki ya kukaa katika meza ya waliouzwa.

Kuhusu kubuniwa sitakawia, maana hapa naona udhaifu wa hoja ni mkubwa. Kila sikukuu ilianza siku moja kwa uamuzi wa watu. Katika koloni la Massachusetts, mwaka 1659, Wakristo wenye msimamo mkali walipiga marufuku kuadhimisha Krismasi kwa faini ya shilingi tano, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Marekani haikuifanya Krismasi sikukuu ya serikali kuu hadi mwaka 1870. Siku yao ya Shukrani ilipewa sura ya kitaifa kwa tangazo la Rais Lincoln mwaka 1863, katikati ya vita. Nasi tusijitoe. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ile sherehe ya mwaka mpya ambayo hakuna anayethubutu kuiita ya kigeni, una asili yake katika Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na watu wa Makunduchi wameufanya wao kwa kukichoma moto kile kibanda na kupigana kwa mabua ya migomba kizazi baada ya kizazi. Na tarehe 7 Julai, tunayoisherehekea kwa fahari kama Siku ya Kiswahili Duniani, ilipitishwa na mkutano wa UNESCO mwaka 2021 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Kwanzaa inaizidi kwa zaidi ya nusu karne.

Yapo mengine ninayoyapita. Miaka ya mwanzo Kwanzaa ilionekana kama mpinzani wa Krismasi, na wachungaji wengi walichukizwa. Baadaye Karenga mwenyewe alieleza kwamba haikukusudiwa kuchukua nafasi ya sikukuu ya dini yoyote, na leo familia nyingi huzishika zote mbili. Biashara nayo imeingia: mwaka 1997 posta ya Marekani ilitoa stempu ya Kwanzaa, Rais Clinton akaitolea salamu rasmi, na madukani zikajaa kadi na vinara vya plastiki. Hilo halinifurahishi, ila sijaona sikukuu iliyosalimika.

Jambo lisilopitika ni la muasisi. Mwaka 1971 mahakama ya California ilimtia Karenga hatiani kwa kuwashambulia na kuwafungia wanawake wawili waliokuwa wafuasi wa kundi lake, na maelezo yaliyotolewa mahakamani kuhusu mateso waliyoyapata ni ya kutisha. Alifungwa hadi mwaka 1975. Yeye amekuwa akikana, akisema alionewa kwa sababu za siasa, na ni kweli pia kwamba shirika la upelelezi la FBI lilikuwa likichochea uhasama kati ya makundi ya Weusi. Januari 1969 wafuasi wawili wa Black Panther, chama kingine cha Weusi, waliuawa kwa risasi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika ugomvi na watu wa kundi la US. Lakini njama za polisi haziwafuti wanawake wale wawili. Sipendi namna watetezi wa Kwanzaa wanavyoliruka jambo hili, kana kwamba kulitaja ni usaliti. Sikukuu yenye nguzo iitwayo Umoja na nyingine iitwayo Imani haiwezi kuwaacha nje wanawake walioumizwa ndani ya nyumba iliyoizaa. Wapo Wamarekani Weusi wanaokataa kuwasha mishumaa kwa sababu hiyo tu, na nawaheshimu.

Nilimuuliza yule bibi kuhusu hilo, usiku ule ule. Alijua kila kitu, na alijua kuliko mimi. Alisema kwamba katika nyumba yake jina la mtu yule halitajwi kabisa, kwamba wao hutaja wafu wao, na kwamba kwa miaka yote aliyoishika Kwanzaa hakumwomba mtu ruhusa ya kuwasha mshumaa wala hakusudii kuanza. Aliposema hivyo sikuona kwamba anakwepa. Niliona mtu aliyeiondoa sikukuu mikononi mwa muasisi wake na kuiweka mikononi mwake, na hivyo ndivyo sikukuu zote zilivyopata wenyewe.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu jambo moja la kazi. Wanafunzi wa Kimarekani watakuja kwetu, au watatuandikia, wakiwa na maneno saba mdomoni kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi kwa Kiswahili. Tusiwaanzie kwa kusahihisha. Tuwaulize kwanza nani aliwafundisha maneno hayo, na kwenye meza gani.

Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kumwandikia yule bibi. Nilimwambia kwamba swali lake la siku ile sikulijibu, na kwamba jibu ni ndiyo, mnayatamka sawasawa. Nikamwomba aitupe ile bahasha. Alinijibu kwa kadi fupi kwamba bahasha haitupi, ameihifadhi katika droo moja na kinara, kwa sababu imeandikwa Kiswahili cha watu wanaokisema. Akaniambia pia kwamba yule mjukuu wake mdogo sasa, akiulizwa "Habari gani?" katika siku zile saba, hujibu mara mbili: kwanza husema "Nzuri", kisha hutaja nguzo ya siku.

Asanteni kwa kunisikiliza.